Presheni hainunuliwi vidonge viwili

Mhariri,

Assalam alaykum. Naomba nafasi kwenye gazeti lako, nna jambo limenikaa rohoni muda sasa. Mie nauza kwenye duka la dawa hapa Chake Chake, daktari si mimi wala sijifanyi, lakini mtu aliyekaa nyuma ya kaunta ya dawa anayaona mambo ambayo daktari hayaoni, maana spitali mtu anakwenda kashajipanga na majibu yake, dukani anaingia vile vile alivyo.

Jambo lenyewe ni hili la kununua dawa ya presheni vidonge viwili. Mtu anaingia, salamu, halafu "nipe zile nyeupe za presheni, mbili tu". Mbili za nini? Anakwambia leo kichwa kinamgonga na shingo imekaza kwa hiyo anajua imepanda, atakunywa leo na kesho, ikishuka basi. Kupima hajapima. Ukimwambia kaa hapa nikupime, mashine ninayo na wala sikulipishi, ana haraka, gari ya Konde inaondoka. Na kuna maduka wanamkatia kweli, wanachukua mkasi wanakata vidonge viwili, jina la dawa linabaki dukani na tarehe ya mwisho wa kutumika inabaki hapo hapo, yeye anaondoka na kipande kimeandikwa herufi mbili tatu za mwisho wa neno. Siku akifika spitali akiulizwa unatumia dawa gani anajibu "nyeupe". Sasa nyeupe si ziko chungu nzima, amlodipini ya presheni nyeupe, losatani ya presheni nyeupe, ya sukari nyeupe, panadoli nayo nyeupe!

Juzi juzi kaja bibi mmoja kutaka dawa ya goti. Nikamuuliza, "Bibi, presheni umepima lini mara ya mwisho?"

"Si siku ile ya harusi ya mjukuu wangu."

"Harusi ilikuwa lini?"

"Kashazaa wawili huyo, mwanangu."

Tukacheka sote, nikamkalisha, nikampima, ikaja 178 kwa 102. Nikamwacha apumzike nikarudia, ikawa haikushuka kitu cha maana. Kichwa hakimuumi, kizunguzungu hana, shingo nzima, kaja kwa miguu yake na kikapu cha muhogo. Hapo ndo penye kiini cha maneno yangu yote, presheni haisikiki. Wengi wanakaa nayo miaka na hawana dalili hata moja, na wengine shingo imewakaza kwa sababu wamelala vibaya ama wamebeba ndoo, presheni yao ukipima iko sawa kabisa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilisema watu bilioni 1.28 wa umri wa miaka 30 hadi 79 wana presheni duniani na karibu nusu yao hawajijui, na waliodhibitiwa ikakaa sawa ni kama mmoja katika watano. Sasa mtu anayesubiri kuisikia anasubiri nini? Mara nyingi anachokuja kukisikia ni mdomo umekwenda upande na mkono haunyanyuki, yaani kiharusi, halafu jamaa wanasema kapigwa na upepo, anazungushwa kwa waganga siku nzima na saa zile za mwanzo za kuokoa ubongo zinapita. Mie dua siikatai wala kombe la aya silikatai, Muislamu gani atakataa, lakini msomee mgonjwa ndani ya gari mkiwa njiani spitali.

Tukirudi kwenye vidonge viwili. Amlodipini ambayo ndo watu wengi wanatumia si dawa ya papo kwa papo. Inaingia mwilini taratibu na inatoka taratibu, nusu yake inachukua saa 30 hadi 50 kutoka, na ukianza kuinywa kila siku inachukua kama wiki nzima ndo kiwango chake kitulie kwenye damu. Kwa hiyo mtu akinywa kimoja jioni na kichwa kikapoa baada ya nusu saa, kile kichwa kilikuwa kinapoa chenyewe ama ni panadoli aliyoinywa pamoja nayo, amlodipini bado haijafanya la maana. Lakini yeye kashapata imani kuwa inamfaa kwa kichwa na mwezi ujao anarudi kutaka viwili vyengine. Na kuna balaa jengine la kuwekewa nifedipini ya maji maji chini ya ulimi "ishuke haraka", hii mambo ya zamani jamani iacheni, presheni ikiporomoshwa ghafla damu inapungua kwenye ubongo na kwenye moyo na hicho kiharusi ulichokuwa unakikimbia unakiita mwenyewe. Namba ikiwa kubwa, tuseme imefika 180 kwa 120, na mtu ana maumivu ya kifua, ama pumzi hazitoshi, ama maneno hayatoki sawa, ama macho yameingia kiza, huyo ni wa spitali saa hiyo hiyo. Kama namba ni kubwa lakini mtu mwenyewe ni mzima, hana lolote, apumzike, apimwe tena, aonane na daktari karibuni apangiwe dawa za kila siku, si kushushwa kwa pupa.

Sasa upande wa pili, na hapa wenzetu wa vituo vya afya watanisamehe. Kuna watu wameambiwa wana presheni na hawana, na wengine dawa zimeongezwa mara mbili kwa sababu ya kupimwa ovyo. Mtu kapanda ngazi, kasimama foleni toka alfajiri, mkojo umembana, anaitwa, kabla hajakaa vizuri mkanda ushafungwa juu ya mkono wa baibui, mkono unaning'inia, na muuguzi anamuuliza jina la shehia yake huku mashine inavuma. Namba inayotoka hapo ya nani? Kile kipimo kina adabu zake na wala hazihitaji pesa. Mtu akae kimya dakika 5, kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini isipishanishwe, awe kashakwenda choo, asiwe kanywa kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla, mkono uwe mtupu na ulazwe juu ya meza usawa wa moyo, na asizungumze wala asizungumzishwe. Apimwe mara mbili kwa kupumzika dakika moja katikati, na mara ya mwanzo kabisa apimwe mikono yote miwili, ukishajua upi unatoa namba kubwa basi huo ndo wa kupimia siku zote.

Wamarekani wa chuo cha Johns Hopkins waliliangalia hili kwa kupima watu hasa, mwaka 2024 wakaonesha mkono ukiachwa unaning'inia namba ya juu (ile inayotajwa mwanzo) inazidi kwa karibu 6.5, ukiwekwa mapajani inazidi karibu 4. Na 2023 walionesha la mkanda, mtu mwenye mkono mnene sana anayehitaji mkanda mkubwa kuliko wote akifungwa ule wa kawaida, namba ya juu inapanda kwa karibu 20. Ishirini, Mhariri! Yaani mama aliyejaaliwa mwili ana 125 zake anarudi nyumbani kaandikiwa 145 na kidonge juu. Vituo vingi nnavyovijua mimi mkanda ni mmoja tu, wa mtoto wa skuli huo huo na wa bibi harusi huo huo. Hili ni ombi la bajeti dogo kabisa, mikanda mikubwa inunuliwe.

Na hata ukipimwa vizuri, siku moja haitoshi kukuhukumu. Utaratibu ni 140 kwa 90 au zaidi, kwenye siku mbili tofauti, ndo unaambiwa una presheni (ikiwa namba ni kubwa za kutisha na kuna dalili hapo hakuna kusubiri siku ya pili). Kuna watu presheni yao inapanda wakiliona koti jeupe tu, wakiwa nyumbani iko chini. Ndo maana mashine ya nyumbani ina faida, na nyumbani mpaka wake ni 135 kwa 85. Ila hizi mashine ndogo za kiganjani, za kufungwa kwenye kifundo cha mkono, ambazo jamaa zetu wa Maskati wanatuletea, Mungu awalipe, bora mnunue ya mkono wa juu, ya kiganjani ukiishika chini kidogo ya moyo inakudanganya. Andikeni namba kwenye daftari na tarehe, sio kuniambia "ilikuwa mia na kitu".

Ukishathibitika unayo kuna vipimo vya kufanya, mkojo kuangalia protini, damu kuangalia figo na sukari na potasiamu, na kipimo cha umeme wa moyo pakiwezekana. Lakini Shirika la Afya lenyewe linasema vipimo visiwe sababu ya kuchelewesha dawa, kama pesa ya maabara haijapatikana anza dawa vipimo vitafuata.

Niseme la dukani sasa maana hili madaktari hawalioni. Yule bibi wa goti, miaka yote hiyo anakunywa diklofenaki, dawa ya maumivu. Nusu ya wazee wanaonunua dawa za presheni kwangu wanataka na diklofenaki ama ibuprofeni kwa migongo na magoti, na dawa hizi zinapandisha presheni, zinashika chumvi na maji mwilini, zinaipinga ile dawa nyengine isifanye kazi, na ukizichanganya na dawa za presheni kina enalaprili ama losatani pamoja na dawa ya kukojoza figo zinaumia. Mtu analipia pande zote mbili. Nikimpa panadoli badala yake ananuna, "hiyo haifiki". Na vidonge vya mafua vile vya kufungua pua navyo vinapandisha, na vidonge vya uzazi wa mpango kwa baadhi ya kina mama pia, kwa hiyo mama mwenye presheni amwambie daktari anatumia njia gani, zipo nyengine. Na mwenye mimba ama anayetaka kubeba asiguse enalaprili wala losatani, kuna dawa zake.

Lingine ni kikohozi. Kuna kundi la dawa, kaptoprili, enalaprili, lisinoprili, baadhi ya watu zinawapa kikohozi kikavu kisichokwisha. Hakina madhara makubwa lakini kinachosha. Mtu anakuja kununua dawa ya kikohozi ya chupa, wiki ijayo tena, mwezi ujao tena, kashapimwa na kifua kikuu hana, nikimuuliza unakunywa dawa gani nyengine ndo ananitolea enalaprili mfukoni. Huyu anarudi kwa daktari anabadilishiwa, mara nyingi anapewa losatani, kikohozi kinakwisha chenyewe. Na amlodipini inavimbisha miguu kwenye kifundo, khasa kidonge cha miligramu 10, hapo napo mtu anaogopa anaacha kimya kimya, ilhali kupunguziwa ama kuongezewa dawa ya pili kunasaidia. Wanaume nao wana lao wanaloona haya kulisema, wanalinong'ona mlangoni wateja wakishatoka, kuwa tangu waanze dawa nyumbani mambo si mambo. Inawezekana ni dawa, zipo zinazofanya hivo, lakini na presheni yenyewe isiyotibiwa inaharibu mishipa hiyo hiyo, kwa hiyo kuacha dawa si ufumbuzi, sema ubadilishiwe, daktari hakushangai ashayasikia.

Watu pia wanalalamika kupewa dawa mbili, wanaona ni dalili ya kuwa wako hoi. Si hivo. Dawa mbili kwa kiasi kidogo mara nyingi zinashusha vizuri na madhara yanakuwa machache kuliko moja kujazwa mpaka juu. Kuna utafiti ulifanywa kwetu Afrika, nchi sita zikiwemo Kenya, Uganda na Msumbiji, ukatoka 2019, ukaonesha kwa watu weusi mchanganyiko wenye amlodipini ndani, iwe na dawa ya kukojoza ama na perindoprili (ya kundi moja na enalaprili), unashusha zaidi kuliko perindoprili na ya kukojoza bila amlodipini. Lengo ni kuwa chini ya 140 kwa 90, na kwa mwenye maradhi ya moyo ile ya juu iwe chini ya 130, mwenye sukari ama figo naye anavutwa huko huko.

Sasa mgonjwa anafika huko, anapima, 128 kwa 80, anafurahi anasema nimepona, anaacha. Hajapona, ni dawa ndo inayoishikilia, akiacha inarudi. Na wale wa atenololi ama propranololi wakikatisha ghafla moyo unaweza kuwashtukia vibaya, hizo zinapunguzwa kidogo kidogo na daktari.

Ya thomu, ndimu, habbasoda na kuumika sitaki ugomvi nayo. Mwenye kula thomu ale, ni chakula chetu. Ila huyu anayesema presheni ni damu nyingi kwa hiyo anakwenda kuumikwa ipungue, hapana, maradhi ni mgandamizo ndani ya mishipa si wingi wa damu, kuna watu wana upungufu wa damu na presheni juu.

Chumvi ndo kazi. Kiasi kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 kwa siku, hata kijiko cha chai hakijai, na hicho ni cha vyote, cha mkate wa boflo, cha mchuzi, cha urojo wa jioni. Sisi wali umetiwa chumvi, mchuzi wa papa mkavu ambaye mwenyewe ni chumvi tupu umeongezwa chumvi na kidonge cha supu, kachumbari ina chumvi, na achari ya ndimu pembeni. Simwambii mtu aache papa, Mpemba utamwambia aache papa? Mroweke usiku, mwaga maji, roweka tena, na siku hiyo wali upike bila chumvi, nazi inatosha kuupa ladha. Kutembea, kupunguza uzito na kuacha sigara mnaambiwa kila siku sina la kuongeza.

Nimalizie na wanaotoa dawa. Mgonjwa ambaye namba zake zimetulia hana haja ya kuja kila baada ya wiki mbili. Akianza dawa aonekane kila mwezi mpaka ifike inapotakiwa, ikishatulia utaratibu ni kila miezi 3 hadi 6. Lakini mtu anatoka Kojani, avuke kwa mashua, apande gari, akae foleni, anapewa vidonge vya siku 14 kwa sababu ndo vilivyopo ama ndo mazoea, nauli imezidi bei ya dawa, maana kidonge cha amlodipini kwa bei ya dukani hakizidi chapati moja. Safari ya pili hendi. Na wavuvi wanaokwenda dago, kambi za uvuvi, je, wanakaa miezi huko Tanga na Mafia, siku 14 zitawafikisha wapi? Wapewe za miezi miwili mitatu, waandikiwe jina la dawa na kiasi kwenye kikaratasi, hata huko waliko waweze kununua ile ile. Na Ramadhani isisubiriwe ifike. Mwezi wa Shaaban mtu aonane na daktari wake, dawa nyingi ni za mara moja kwa siku anaweza kunywa baada ya futari, ya kukojoza isiliwe daku ikamkausha mchana kutwa, sio ile kusema nafunga kwa hiyo dawa naziweka kabatini mpaka Idi.

Wenzangu wa maduka ya dawa nao, tuachane na mkasi. Mtu akitaka viwili muulize cheti chake cha daktari, mpime bure, hana cheti na namba ni kubwa mwelekeze kituo, anacho mpe za mwezi na kama hana pesa zote za mwezi basi mpe za wiki mbili kwenye bahasha iliyoandikwa jina la dawa, anaijazia akirudi. Dawa hizi kisheria ni za cheti, tunajua sote.

Mhariri, kama nafasi ni ndogo na itabidi ukate barua yangu, kata kwengine kote ila pale pa namna ya kukaa wakati wa kupimwa paache, na ikiwezekana pachapishwe kwa herufi kubwa, nataka nipabandike ukutani juu ya kiti cha kupimia na wateja wangu wengi miwani hawana.

Muuza dawa,
Chake Chake, Pemba